Shajara ya Madema Matatu, Ghuba ya Menai, Agosti hadi Novemba 2024

Shajara hii ninaiandika kwa ajili ya yeyote anayetaka kusuka dema la mianzi, yaani mtego wa samaki, na kulitega mwenyewe, hasa vijana wa pwani ambao wameyaona madema ufukweni tangu utotoni lakini hawakupata kukaa chini na mtu anayejua kuyasuka. Mimi ni mwalimu wa sekondari katika kijiji kimoja kando ya Ghuba ya Menai, kusini mwa Unguja, eneo ambalo limekuwa hifadhi ya bahari tangu 1997. Kabla ya kugusa mwanzi hata mmoja nilikwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali hapa kijijini, na kwa kamati ya wavuvi kueleza ninachotaka kufanya na wapi nitatega, na ninamshauri kila atakayefuata njia hii aanzie huko.

Fundi wangu ni mzee wa mtaani kwetu mwenye miaka 70 na ushei. Alikubali kunifundisha kwa sharti moja, kwamba nisiandike vipimo peke yake nikaviacha vituko, kwa sababu kila kipimo alichonacho kichwani alikipata siku aliyochekwa, na mtu akikisahau kicheko basi na kipimo hukisahau. Sharti hilo nimelishika. Kwa hiyo hatua zilizokwenda vizuri nimezipitia kwa maneno machache, na nafasi kubwa nimeipa mikasa.

Jumamosi, 3 Agosti 2024: Mianzi

Dema letu ni mtego wa kusukwa wenye pembe sita, urefu wa mita 1.2, upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 45. Wenzetu wa Mombasa na Lamu huuita lema, na kazi yake ni ile ile: samaki huingia kwa mlango mpana unaobana kuelekea ndani kama shingo ya chupa, akashindwa kuiona tena njia aliyoingilia. Samaki tunaomkusudia hasa ni tasi, anayependa mwani, na pamoja naye changu na pono.

Nilinunua mianzi minane kwa shilingi 2,500 mmoja, jumla 20,000, na usafiri ulinigharimu 5,000. Kosa la kwanza lilikuwa hapa. Nilichagua mianzi ya kijani kibichi iliyonyooka, kwa sababu ilipendeza machoni na ilipasuka kwa urahisi chini ya panga. Mzee alikuwa ameniambia nichukue iliyokomaa, yenye rangi inayoelekea manjano, lakini mianzi ya namna hiyo ilikuwa michache na niliona nitapoteza siku nzima kuitafuta. Papi, yaani vipande virefu vyembamba, nilizozipasua kutoka mianzi mitatu michanga zilikaa uani siku sita tu, kisha chini yake nikaona unga mwembamba kama wa muhogo. Wadudu walikuwa wamekwisha kuingia.

Dawa yake ni maji ya chumvi. Papi zilizosalia tulizifunga mafungu, tukazilaza kwenye kidimbwi cha pwani chini ya mawe kwa muda wa siku tano, maji yakizipita kila yanapojaa. Mzee anasema utamu ulio ndani ya mwanzi ndio unaowaita wadudu, na bahari huuondoa. Hazikuguswa tena. Mianzi mitatu ilipotea, yaani shilingi 7,500, na ninaona ni karo ya haki.

Jumamosi, 17 Agosti 2024: Kusuka, na mateka wa kwanza

Kusuka kwenyewe ni kazi ya mikono kuzoea. Papi huenda pande tatu, zikipitana juu na chini hadi zikaacha macho yenye pembe sita, na sisi tuliyafanya ya sentimita 5. Upande wa ndani wa mwanzi ndio unaokunjwa, kwa sababu ukikunja kwa upande wa gamba upapi hukatika. Ukingo wa upapi unakata kama wembe, kwa hiyo kila mmoja tuliukwangua kwa kisu kabla ya kuutumia. Fito za kushikilia umbo tulikata kwenye mpera wa shamba la Mzee, na kamba ya usumba, yaani ya nyuzi za kumbi la nazi, ya shilingi 3,000 ilitosha kufungia viungo vyote vya madema matatu.

Dema la kwanza lilimalizika Alhamisi jioni. Nililiacha uani, chini ya mwembe, likiwa na mlango wake na tundu la kutolea samaki nikiwa nimelifunga vizuri. Leo asubuhi niliamshwa na kelele za kuku zisizo za kawaida. Nilipotoka nilimkuta tetea wa jirani yetu ndani ya dema, amesimama katikati, akizunguka ukuta mmoja hadi mwingine na kuupita mlango kila mara bila kuutambua. Alikuwa ametaga yai moja.

Mama jirani alitokea akiwa na ufagio mkononi, akauliza ni mtego gani huu unaotegwa uani kwa watu. Nilimweleza kwamba ni wa samaki, naye akalitazama dema, akamtazama kuku wake, akasema: "Mwalimu, samaki huyu ana manyoya." Watoto walianguka chini kwa kicheko. Mzee alipofika hakucheka mara moja. Alichuchumaa, akamwangalia yule kuku kwa makini kama daktari, akamwacha azunguke mara tatu, ndipo akasema kwamba dema linashika, kazi ni nzuri, lakini mlango ni mpana mno. Aliingiza mkono wake uliofumbwa ngumi kwenye shingo ya mlango ukapita bila kugusa popote. Kumbe nilikuwa nimeipima kwa shubiri yangu kwenda juu na kwenda kando, wakati inatakiwa iwe shubiri moja kwenda juu na vidole vinne tu kwenda kando, kwa kuwa samaki ana kimo lakini hana unene. Kuku alijibana akapenya, ila changu angeingia na kutoka kama mgeni wa harusini.

Tuliifungua shingo yote na kuisuka upya, ncha za papi zikielekea ndani na kuachwa bila kufungwa ili zinyumbuke samaki anapoingia na kumchoma anapotaka kurudi. Kazi hiyo ilichukua saa nne. Yai alipewa Mzee kwa ridhaa ya mwenye kuku. Tangu leo madema yote hutundikwa juu ya mti.

Gharama hadi sasa, pamoja na kamba ya nailoni ya kuvutia ya shilingi 18,000, ni shilingi 46,000.

Jumatatu, 26 Agosti 2024: Dema linaloelea

Tulichagua maji mafu kwa kutega mara ya kwanza, kwa sababu mkondo huwa dhaifu na anayejifunza hapati shida ya kukishikilia chombo. Tumekodi ngalawa, shilingi 5,000 kwa kila safari. Jana alasiri, kina kikiwa pima mbili, tulishusha dema la kwanza likiwa na mwani ndani yake na mawe manne niliyoyafunga mwenyewe.

Dema lilikataa kuzama. Mwanzi mkavu umejaa hewa kwenye nyama yake, na dema lilikaa juu ya maji kama kitanda, mawe yakining'inia upande mmoja. Mzee alilisukuma kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, likazama shingo upande, likatulia chini likiwa limesimama kwa ubavu. Alisema tuliache hivyo hivyo ili nione mwenyewe.

Leo baada ya skuli tulilikuta hatua kama 70 kutoka pale tulipoliacha, limepinduka, mlango unatazama juu, na ndani yake mna mchanga na kaa mmoja mdogo aliyekuwa akila chambo chetu kwa utulivu mkubwa. Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, dema jipya halipelekwi baharini likiwa kavu: hulowekwa siku tatu pwani, likiwa limekandamizwa kwa mawe, mpaka likizamishwa lizame bila ubishi. La pili, mawe hayafungwi kwenye pembe za juu, hata kama ndiko kamba inakofungika kwa urahisi. Sasa tunafunga mawe manne ya kama kilo 3 kila moja kwenye pembe za chini, na jiwe la tano bapa huwekwa ndani, katikati ya sakafu. Tangu hapo hakuna dema lililopinduka tena, hata kwenye bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida.

Jumapili, 15 Septemba 2024: Tasi, na chai ya tangawizi

Mzee amekwenda Pemba kwenye harusi ya mjukuu wake, na aliniachia ruhusa ya kutega dema la pili nikiwa na mpwa wangu wa miaka 14. Tulitega jana, leo tukalivuta. Tulipata tasi wanne na changu mmoja, samaki wa kwanza wa mradi huu, na furaha ya mpwa wangu ilikuwa kubwa kiasi kwamba aliingiza mkono kwenye tundu la kutolea kabla sijamaliza kumwonya.

Miiba ya tasi ina sumu. Haiui, lakini maumivu yake hupanda mkono mzima na hayasikii dua wala bembelezo. Kijana alipiga ukelele, kidole kikaanza kuvimba mbele yetu. Nilikumbuka maneno ya Mzee kwamba sumu ya tasi huvunjwa na joto, na kwamba mtu aliyechomwa atumbukize kiungo chake kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kustahimili bila kuungua. Tulikuwa katikati ya maji, na kitu pekee chenye moto kilikuwa chupa ya chai ya tangawizi. Nilimmiminia kikombe, nikaijaribu kwanza kwa kidole changu, akachovya chake humo, tukawa tunabadilisha kila ilipopoa, mpaka chupa ikaisha. Maumivu yalipungua kabla hatujafika pwani.

Wavuvi waliokuwa diko, pale vyombo vinapofikia, walimkuta ameketi na kidole ndani ya kikombe, wakamuuliza anafanya nini. Aliwajibu kwa unyonge kwamba anakinywesha chai. Jina la "Chai" limemganda tangu dakika ile, na ninadhani atazeeka nalo.

Tangu leo, chupa ya maji ya moto ni sehemu ya vifaa, na samaki hutolewa kwa kuliinamisha dema juu ya kapu, si kwa mkono. Dema tulilirudisha chini pale pale.

Jumapili, 22 Septemba 2024: Jahazi limeondoka

Hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote, na ninaomba anayesoma alizingatie.

Sisi hatutumii boya. Boya huwaonyesha watu wote mahali dema lilipo, na tena hukatwa na mashine za boti. Badala yake mvuvi hushika alama za nchi kavu. Unatazama vitu viwili vilivyo mbali, kimoja mbele na kingine nyuma yake, mpaka visimame mstari mmoja. Kisha unageukia upande mwingine na kutafuta jozi ya pili. Mistari hiyo miwili inapokutana ndipo dema lako lilipo. Ukizishika vizuri, utarudi kwenye mwamba ule ule hata baada ya mwaka.

Jozi yangu ya kwanza ilikuwa mnara wa simu juu ya mbuyu. Jozi ya pili niliiona ni nzuri kupita zote: mlingoti wa jahazi uliosimama sawasawa mbele ya paa jekundu la skuli. Jahazi lenyewe lilikuwa limepandishwa ufukweni kwa wiki nyingi likitiwa kalafati, yaani kuzibwa nyufa za mbao, na nililizoea kiasi kwamba kwangu lilikuwa kama nyumba. Wiki nzima upepo ulikataza ngalawa kutoka. Katikati ya wiki mwezi ulikuwa mpevu, likaja bamvua kubwa la Septemba, maji yakafika hadi kwenye mizizi ya minazi, na mwenye jahazi akalishusha kama alivyokuwa akisubiri.

Jana tulipofika baharini niliona mbuyu, nikaona mnara, nikageuka kutafuta mlingoti, na ufukwe ulikuwa mtupu. Nilibaki na mstari mmoja tu, unaoanzia kwenye mbuyu na kwenda hadi upeo wa macho, na dema langu likiwa mahali fulani juu yake. Tulizamia jana mpaka jioni na leo tangu asubuhi, mimi na mpwa wangu, kwa zamu, tukitumia miwani ya kuzamia niliyoinunua kwa shilingi 15,000. Tuliona pono wengi, tukaona taa mmoja mkubwa amejifukia mchangani, tukaona tairi la gari. Dema hatukuliona.

Mzee alirudi leo mchana. Tuliamkiana, akaniuliza habari za dema, nikamweleza yote. Aliniuliza: "Ulishika alama gani, mwalimu?" Nilipomtajia mlingoti wa jahazi alikaa chini mchangani, akavua kofia, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kikoi. Kisha akanisimulia ya kwake. Alipokuwa kijana wa miaka kama ya mpwa wangu, alishika alama ya ng'ombe mweupe aliyekuwa amefungwa mbele ya msikiti. Kesho yake alimfuata yule ng'ombe kwa macho, akapiga kafi kumfuata, ng'ombe akiwa amehamishwa malishoni upande wa pili wa kijiji, na mchana kutwa alizamia kwenye mikoko. Baba yake alimwacha atafute mpaka jua lilipotua.

Sasa nina daftari. Kila dema lina jozi tatu za alama, si mbili, na katika kila jozi hakuna kitu chenye miguu, magurudumu wala tanga. Michoro yake naifanya nikiwa bado ndani ya ngalawa, kabla sijapiga hata kafi moja ya kurudi.

Jumamosi, 5 Oktoba 2024: Dema limerudi, na jambo lililoniuma

Asubuhi ya leo mvuvi wa kijiji jirani alifika diko na dema letu juu ya ngalawa yake. Nanga yake ilikuwa imelinasa. Hakujua ni la nani, lakini aliangalia mafundo ya pembeni, akasema mkono huu ni wa mzee fulani, akaja moja kwa moja. Mafundo ni kama hati ya mtu. Alikataa malipo, akakubali kunywa chai na kusikia kisa cha jahazi, na ninajua kuwa kufikia jioni kisa hicho kilikuwa kimefika kijijini kwake.

Ndani ya dema mlikuwa na tasi wanane. Watano walikuwa hai, wamekonda, pua zao zimechubuka kwa kujigonga kwenye papi. Watatu walikuwa wamekufa. Hilo sikuweza kulicheka. Dema lililopotea haliachi kuvua: samaki huingia, hufa, mzoga wake huwa chambo cha mwingine, na hakuna anayekula. La mwanzi angalau huoza siku moja, na hiyo ndiyo sababu ninalipenda kuliko la waya linalozidi kuonekana siku hizi, ingawa la waya hutengenezwa kwa siku moja na husukumwa na mkondo kidogo kuliko letu.

Nimeamua kwamba tundu la kutolea samaki lifungwe kwa kamba itakayooza mapema, ili dema likipotea tena lijifungue lenyewe. Nilipanga kutumia usumba, kwa kuwa ni nyuzi za kumbi la nazi na nilifikiri vitu vya shambani huoza majini. Mzee alitikisa kichwa, lakini hakunikatalia. Alisema nifunge kamba mbili kwenye nguzo ya pwani, moja ya usumba na moja nyembamba ya katani, kila moja ikivutwa na jiwe, kisha tuzitazame. Kamba ya katani ni shilingi 1,500.

Jumamosi, 19 Oktoba 2024: Pweza na upo

Jana alasiri tulitega dema la pili tena, na leo saa nne asubuhi, maji yakiwa yamekupwa sana, tulikwenda kulivuta. Alama zote tatu zilikaa mahali pake na tulilifikia kwa mara ya kwanza bila kuzunguka. Niliifurahia sana dakika ile.

Dema lilikuwa zito. Lilipotokeza juu ya maji tuliona maganda ya kaa, kichwa cha changu bila mwili, na katikati yake, amejikunja juu ya jiwe letu bapa, pweza wa kilo mbili hivi, rangi yake ikibadilika kutoka kijivu kuwa nyekundu huku akitutazama. Alikuwa ameingia kufuata mateka wetu na ameyala yote.

Tulilipandisha dema ndani ya ngalawa. Mpwa wangu alifungua tundu ili tumtoe, na pweza akatoa mkono mmoja kwanza, taratibu, akapapasa ubao, akapapasa mguu wa Mzee, akafika kwenye upo wetu wa kufutia maji, uliotengenezwa kwa dumu la lita tano lililokatwa. Aliushika. Nilishika upande wa pili. Akatoa mkono wa pili, wa tatu, na mwili mzima ukamiminika kupitia tundu ambalo nisingedhani mwili kama ule ungepita, na wino ukaruka ukaniloanisha kuanzia kidevu hadi kifuani. Nilipofumbua macho pweza alikuwa ukingoni mwa ngalawa, upo ukiwa umekumbatiwa. Wakashuka pamoja. Dumu lilijaa maji, likazama, na tuliliona jinsi linavyokwenda chini, jeupe, likipungua, mikono minane ikilizunguka.

Ngalawa ile ilikuwa ikivuja kidogo kwenye ubao wa mbele, jambo ambalo halina neno ikiwa mna upo. Tulirudi pwani tukifuta maji kwa kikombe cha ile chupa ya chai, mpwa wangu na mimi kwa kupokezana. Mzee ndiye aliyekuwa na kafi, lakini alicheka hata mikono ikamlegea, na mara mbili tuligeuka kabisa tukaelekea tulikotoka. Kila alipotulia alikuwa akisema "Kapata ndoo ya nyumbani" na kuanza tena.

Marekebisho ni haya. Upo sasa umefungwa kwa kamba kwenye taruma, ubavu wa ndani wa ngalawa. Dema lenye pweza halifunguliwi ndani ya chombo mpaka pweza ameshikwa kupitia kwenye macho na kugeuzwa kichwa nje ndani, kazi ambayo akina mama wa pwani yetu huifanya kwa mkono mmoja kila bamvua, na mmoja wao amenionyesha mara tatu kwa subira kubwa. Na kichwa cha changu kikionekana bila mwili, ujue mwenye nyumba bado yumo.

Jumamosi, 16 Novemba 2024: Dema la tatu

Kusi limekwisha, bahari ni shwari, na kazi ya wiki mbili zilizopita imekwenda bila mkasa wa kuandika. Dema la tatu nimelisuka mwenyewe tangu upapi wa kwanza hadi wa mwisho, Mzee akiwa amekaa pembeni na kahawa yake. Nimelitia pengo jembamba la sentimita 3.5 kwenye kila pembe ya nyuma, lililosimama wima, ili samaki wadogo watoke. Tumelitega jana, tumelivuta leo, na tulipata tasi 14, changu watano na pono wawili, wote wa kutosha kitoweo. Tulipokuwa tukilivuta tuliwaona wadogo wakichomoka kwenye pengo mmoja mmoja. Mzee aliwaangalia wakienda, akasema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na hao ni wa wali wa mwakani.

Kamba nazo zimetoa jibu baada ya wiki sita. Ya katani ilikatika jana nilipoigusa tu kwa vidole, imelainika kama uzi wa nguo iliyochakaa. Ya usumba ni imara kama siku niliyoifunga, na fundo lake limekaza zaidi. Hapo ndipo Mzee aliponiambia alichokuwa akikijua tangu mwanzo, kwamba mitepe, vyombo vya zamani vya pwani yetu, ilishonwa kwa kamba hiyo hiyo na kwenda nayo masafa marefu, kwa sababu usumba na maji ya chumvi ni marafiki. Viungo vya dema kwa hiyo tunafunga kwa usumba, na tundu la kutolea kwa katani, ambayo hubadilishwa kila baada ya wiki tatu.

Hesabu ya mradi mzima ni hii: vifaa vya mwanzo shilingi 46,000, safari kumi za ngalawa 50,000, miwani 15,000, katani 1,500, jumla 112,500. Samaki tuliouza wameleta 41,000, mbali na waliolika nyumbani kwangu, kwa Mzee na kwa mama jirani. Atakayeanza na mianzi iliyokomaa na alama zisizohama atapunguza mianzi mitatu na safari mbili katika hesabu hiyo.

Wanafunzi wawili wa kidato cha pili wameomba kujifunza, na jana tulianza nao dema la nne. Limefika nusu ya kimo. Limetundikwa kwenye tawi la mwembe, na yule tetea amekuja kulala chini yake.